Vipimo vya Mke Wangu

Wivu ninao, sikatai. Wapo wanaume wanaojifanya hawana, wanacheka mpaka jino la mwisho huku roho inawawaka. Mimi nikiumia utaniona tu. Sina uso wa kuficha mambo.

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko mbele ya nyumba yetu: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho wateja wa kike hujigeuzageuza mbele yake mpaka wanasahau kuna wenzao wanasubiri. Mke wangu ni dobi wa hoteli moja kubwa. Kutwa nzima yuko kwenye mvuke na mashuka. Tuna mabinti wawili, mmoja yuko sekondari, na mwingine bado anapoteza kiatu kimoja kila asubuhi. Tulikuwa tunaishi vizuri tu, tunagombana kwa kiasi, mpaka hoteli ilipoamua kwamba wafanyakazi wote wajifunze kuogelea.

Amri yenyewe ilitokana na mtoto wa mgeni aliyeteleza bwawani. Wahudumu wanne walisimama pembeni wakipiga kelele, hakuna aliyejua hata kuelea. Mwokoaji wa bwawa alikuja mbio akamtoa mtoto mzima, lakini meneja akasema aibu ile isirudi tena. Basi wakafundishwa. Wenzake walijifunza, wakapewa cheti, wakarudi kwenye kazi zao. Mke wangu hakutoka majini. Yule mwokoaji, ambaye wote wanamwita Kocha, alimwambia kwamba miaka kumi na miwili ya kubeba mashuka mabichi imempa mabega na pumzi za ajabu, na kwamba kuna mchezo wa watu kama yeye. Unaitwa traiathloni. Unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia.

"Unakimbia nini?" nilimuuliza mke wangu. "Nani anakufukuza?"

"Hakuna anayenifukuza."

"Na ukimaliza unapata nini?"

"Napata kumaliza," alinijibu, macho yanamng'aa.

Ebo! Kumaliza hata mimi namaliza. Namaliza sare za shule arobaini kwa wiki, na hakuna anayenipigia makofi.

Mazoezi yalichukua miezi minane. Ratiba aliibandika kwenye mlango wa jokofu, ili kila anayetafuta maziwa aisome. Jumatatu bwawa, Jumanne baiskeli, Jumatano mbio, Alhamisi na Ijumaa bwawa tena. Mimi kwenye karatasi ile nilitajwa mara moja tu: "Jumamosi, baba watoto apake mnyororo grisi." Kwangu mwenyewe, na nimepewa kazi ya mnyororo!

Lakini haki ya mtu haipotei, nisije nikamsingizia. Nyumba haikulala njaa hata siku moja. Aliamka saa kumi alfajiri, akaenda kwenye bwawa la hoteli kabla wageni hawajaamka, akarudi nywele mbichi, akawaamsha watoto, akachemsha chai, akakagua madaftari, akaondoka tena kwenda kazini. Jioni alikuwa anasinzia mezani na kijiko mdomoni. Kazi zilizomshinda nilizichukua mimi, kwa kunung'unika. Nilijifunza kumsuka mdogo nywele. Siku ya kwanza mwalimu wake alimuuliza kama mama yake amesafiri.

Nilimwonea wivu nani? Uliza nani sikumwonea. Niliionea wivu baiskeli, ambayo kwa kuogopa wezi ililala chumbani kwetu, tena upande wake wa kitanda. Niliyaonea wivu maji. Kocha ndiye usiseme. Nilikwenda hotelini kumtazama kwa macho yangu, nikasingizia nimepeleka mwavuli. Nikamkuta baba mmoja wa watoto wanne, mwenye kitambi, asiyejua kuzungumza chochote isipokuwa visigino. Kisigino kinatua hivi, kisigino kinanyanyuka hivi. Nilirudi nyumbani sina hata cha kumchukia, na hilo nalo likaniudhi.

Kumbe adui nilikuwa namtafuta mbali.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mashindano, nilikuwa nampigia pasi gauni lake la kijani la kuvaa kwenye mkutano wa wazazi. Gauni nililishona mimi. Nguo zake zote nashona mimi, na sijawahi kuruhusu mke wangu avae nguo ya fundi mwingine. Nikaligeuza nje ndani. Mkono wa pasi ukasimama hewani.

Mshono wa ubavuni haukuwa wangu. Kila fundi ana namna yake ya kumaliza mshono, kama mtu na mwandiko wake. Mimi narudi nyuma mara tatu kisha naufunga uzi kwa ndani, huuoni. Huu ulikuwa umerudi nyuma mara moja, ukakata kona kidogo kama ndoano. Ndoano ile naijua. Ni ya Mshazari.

Mshazari ana duka lake ng'ambo ya barabara, ukitoka kibandani kwangu mnatazamana. Jina hilo nilimpa mimi, kwa jinsi alivyopenda kukata kila kitambaa mshazari, hata pale kilipotakiwa kukatwa moja kwa moja. Nilimfundisha miaka mitatu. Mkasi wake wa kwanza nilimpa mimi.

Nilikwenda kabatini. Nikatoa sketi, nikaigeuza: ndoano. Nikatoa blauzi: ndoano. Sare yake ya kazini: ndoano. Nguo tisa, jamani! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nazigeuza nguo zenyewe moja moja.

Nilimwita binti yangu mkubwa. "Mama yako anapeleka nguo zangu kwa Mshazari?"

Alinitazama kama ninayemuuliza jua linachomozea wapi. "Baba, mama amepungua. Nguo zako zilikuwa zinamning'inia."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alikwambia. Mara mbili. Ulisema humpimi mke wako kama mteja, vipimo vyake viko kichwani."

Nilikuwa nimesema, na kwa kujigamba. Mke wangu nilimpima mara moja tu maishani, kabla hajawa mke wangu, alipokuja na kitambaa cha maua akataka gauni. Kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na tatu, nyonga arobaini na mbili. Namba zile nilizishika kama mtu anavyoshika sala. Miaka kumi na sita sikumwekea tena futi ya kupimia. Niliona ndio upendo wenyewe huo. Mganga hajigangi, na fundi hampimi mkewe.

Sasa mwenzangu alikuwa amempima. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikaiona picha yote: Mshazari kaipitisha futi kiunoni mwa mke wangu, kainama, kasoma namba, kaiandika. Mimi nafanya hivyo kwa wanawake thelathini kwa wiki, wala sura zao sizikumbuki. Najua ni kazi tu. Najua kabisa. Lakini kijiba cha roho hakiulizi unajua nini.

Kumuuliza mke wangu sikutaka. Nilinuna. Mimi nikinuna nyumba nzima inajua, hata cherehani inalia tofauti.

"Una nini wewe?" mke wangu aliniuliza Ijumaa.

"Sina kitu."

"Una kitu."

"Nikwambie nini? Nenda kaogelee."

Alishusha pumzi akaenda kuogelea.

Jumamosi mchana binti yangu alitaja bila kufikiri kwamba vazi la mama yake la mashindano liko kwa Mshazari, limeharibika zipu, na jioni litafuatwa. Hakumaliza sentensi. Nilishavuka barabara.

Mshazari aliponiona alisimama, akaweka mkasi chini. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua vazi la mke wangu. Kanituma."

Alinitazama kidogo. Lilikuwa limetundikwa nyuma yake, jeusi lenye mstari wa samawati, kipande kimoja kuanzia bega mpaka juu ya goti. Mke wangu alilinunua mtumbani, lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye, na Mshazari alikuwa ameliingiza mbavu zote mbili. Kitambaa kilichozidi hakukikata, alikiacha kwa ndani, kama nilivyomfundisha.

"Zipu bado sijaweka, mwalimu."

"Nitaiweka mwenyewe."

"Sawa. Kama utahitaji vipimo vyake, ninavyo kwenye..."

"Wewe ndiye wa kunipa mimi vipimo vya mke wangu?"

Alilikunja vazi vizuri, akanipa kwa mikono miwili.

Zipu niliiweka kwa nusu saa, na ilikaa. Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini nililigeuza vazi nje ndani nikaitazama mishono ya Mshazari. Ilikuwa mizuri. Imenyooka, inavutika, haina hata uzi mmoja uliolegea. Ingekuwa mibaya ningeiacha.

Niliifumua yote. Nikashona upya kwa namba zangu, thelathini na nane, thelathini na tatu, arobaini na mbili, nikarudi nyuma mara tatu kila mwisho wa mshono. Vitobo vya sindano ya Mshazari vilikuwa bado vinaonekana, basi nikaweka kitambaa kibichi juu, nikapitisha pasi ya uvuguvugu taratibu, mara nyingi, mpaka alama ya mkono wake ikafutika kabisa. Roho yangu ikatulia. Nilipiga hadi mluzi.

Mke wangu aliporudi na kulikuta vazi juu ya kitanda, alisimama mlangoni. "Umelichukua wewe?"

"Kwani mimi siyo fundi?"

Akacheka! Wiki nzima nilikuwa sijamwona akicheka. Akaja akanishika shingo kwa mkono mmoja. "Na mimi nilidhani hutaki hata kuliona. Hujabadilisha kitu kingine?"

"Zipu tu," nikasema.

Hakulijaribu. Kocha alikuwa amemwambia ale mapema, apange mizigo, alale. Alilikunja juu ya taulo, akafunga mkoba, na kabla ya saa tatu alikuwa amelala. Mimi nililala pia, tena vizuri.

Mashindano yalikuwa kwenye bwawa kubwa la maji ya mji, nje kidogo, penye majani mafupi na upepo. Wanawake walikuwa na hema lao la kubadilishia nguo, na mwanamume hakaribii. Mke wangu aliingia na binti mkubwa. Mimi nikabaki nje na mdogo, nimeshika pampu ya baiskeli, futi yangu shingoni kama kawaida na kijaluba cha sindano mfukoni. Kipaza sauti kilitangaza kwamba zimebaki dakika thelathini na tano.

Binti yangu alitoka na vazi mkononi. Uso wake haukuwa mzuri.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Mama kalivaa. Mkono wangu mzima unapita kwapani. Akiingia nalo majini litajaa kama ndoo." Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Ulisema zipu tu."

"Lile la mazoezi je?"

"Liko kwenye kamba, nyumbani."

"Mama anasema nini?"

"Amekaa chini tu."

Miezi minane. Alfajiri zote zile, nywele mbichi, kijiko mdomoni. Nilivua futi shingoni nikampa. "Haraka. Mpime kifua, kiuno, nyonga, uniletee namba. Nitaliingiza hapa hapa kwa mkono."

Aliingia. Nililigeuza vazi nikatafuta alama ya mshono wa zamani. Ningeiona ningeifuata tu, nisingehitaji namba ya mtu. Nililiinua kwenye jua, nikalivuta, nikalipapasa kwa kucha. Hakukuwa na kitobo hata kimoja. Kazi safi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Binti yangu alirudi. Futi ilikuwa bado imekunjwa vile vile nilivyompa.

"Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kupimwa." Mtoto alikuwa anaona aibu kwa niaba yetu sote. "Kasema, mwambie baba yako mimi nimeshapimwa. Amuulize aliyenipima."

Ningeweza kupiga kelele nje ya hema lile. Ningeweza kusema basi na iwe hivyo, asiogelee, turudi nyumbani tukagombane kama watu. Nakiri kuna sehemu yangu iliyolitaka hilo, sehemu ndogo, chungu. Kipaza sauti kikasema dakika ishirini na nane. Mdogo alinivuta suruali akauliza mama anaanza saa ngapi.

Nikatoa simu. Iliita mara sita.

"Mwalimu?" Sauti ya usingizi. Ilikuwa Jumapili asubuhi.

"Mshazari," nikasema. Maneno yalitoka moja moja, kama meno. "Kiuno cha mke wangu ni ngapi?"

Angeweza kucheka. Mimi ningekuwa yeye ningecheka. Alisema, "Subiri, mwalimu, nichukue daftari," na nikasikia kurasa zikifunuliwa, nyingi, mpaka alipofika kwenye ukurasa wa mke wangu.

"Kifua thelathini na sita. Kiuno ishirini na nane. Nyonga thelathini na nane. Vazi lenyewe nilipunguza inchi mbili zaidi kila mahali, maana kitambaa kinavutika, na yeye anapenda limbane." Akaongeza, "Halafu, mwalimu, bega la kulia limelipita la kushoto kwa nusu inchi. Ni kwa kuogelea, anapumulia upande mmoja. Mwachie nafasi pale kwapani, la sivyo linamchubua. Mara ya kwanza lilimchubua."

Bega hilo nalala nalo kila siku. Sikujua kama limepanuka. Sikujua kama lilichubuka.

"Asante," nikasema.

"Uzi tumia wa nailoni, mwalimu, ukiwa nao."

Nilikuwa nao. Nilipiga magoti kwenye majani, mdogo akashika upindo wa huku, binti mkubwa akanivutia kitambaa, nikashona kama mtu anayefukuzwa. Ubavu wa kushoto, kutoka kwapani mpaka nyongani. Zimebaki dakika kumi na saba. Ubavu wa kulia, nusu inchi kwapani nikaiacha. Sindano ilinichoma vidole mara nne au tano. Kipaza sauti kikasema wanawake wasogee kwenye maji. Sikurudi nyuma mara tatu wala sikuficha fundo, nilikata uzi kwa meno nikamsukumia binti yangu vazi, akakimbia nalo.

Alitoka mle hemani amevaa kofia ya njano na miwani imeinuliwa kwenye paji la uso. Vazi lilimkaa. Sijawahi kushona kitu kikamkaa mke wangu namna ile. Nilimwona kiuno, nilimwona mgongo, nililiona na bega lenyewe la kulia. Alikuwa mwanamke mwingine, na wengine wote walikuwa wameshamwona kabla yangu.

Alipita karibu yangu. Nilifungua mdomo niombe msamaha, lakini yeye akawahi. Alipapasa mshono wa ubavuni kwa vidole viwili, akausikiliza kama wateja wanavyofanya, akaridhika.

"Asante, fundi," akasema.

Mji mzima unaniita fundi. Yeye hakuwahi.

Kisha akateremka kwenye maji pamoja na wenzake, wanawake mia moja au zaidi, wote wana kofia za njano. Filimbi ikalia, maji yakachafuka, mikono ikawa inapanda na kushuka kila upande. Binti yangu alinishika mkono akanyoosha kidole.

"Yule pale, baba. Unamwona?"

Nikamwambia namwona. Sikuwa namwona.